Nyumba Iliyopigiwa Hodi

Bi Kaltham binti Azzan hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila ya kupiga hodi. Alikuwa akiishi peke yake, na mtaa mzima pale Ibra, Oman, ulijua kwamba akitoka haachi mtu ndani, si mtumishi wala paka. Hata hivyo akirudi, awe ametoka sokoni au msibani, aliuzungusha ufunguo, akausukuma mlango kidogo tu, kisha akasimama kizingitini na mkoba wake kwapani, akaita, "Hodi!" Akangoja. Halafu akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini zaidi, yenye ukarimu, "Karibu, pita." Ndipo akaingia, mguu wa kulia mbele.

Alyaa, mtoto wa ndugu yake, alipokuwa mdogo alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

"Shangazi, unampigia nani hodi, na ndani hamna mtu?"

"Naipigia nyumba."

"Na nyumba inajibu?"

"Haina mdomo, masikini. N'naijibia."

Mara moja tu alieleza zaidi. Alisema kwamba katika zile siku za mwisho za Unguja waliingia watu nyumbani kwao Mkunazini bila ya hodi, wakamkanyagia mama yake msala na viatu, na mama yake akawaambia, "Hata mwizi hubisha hodi dirishani." Waliokuja hawakucheka. "Basi nikasema," alimalizia Bi Kaltham, "nikijaaliwa nyumba yangu, hata mimi mwenyewe sitoiingia bila ya kuiomba."

Oman aliingia mwaka 1974, kwa njia ya Mombasa na Dubai, na sanduku moja la bati. Ndugu yake Soud, mdogo wake kwa miaka minne, alikuwa ametangulia. Ameshapata kazi ya polisi na karatasi za uraia. Za Kaltham zilichelewa. Faili lilikwenda Maskati likarudi, likataka shahidi wa kabila, shahidi akafa, likaanza upya. Lakini kazi hakuikosa. Hospitali ya Ibra ilikuwa ikitafuta mtu wa kukaa kwenye mtambo wa simu, anayejua Kiarabu, Kiingereza, na Kihindi cha kumtuliza daktari aliyekasirika. Alikaa mbele ya mtambo ule miaka ishirini na mbili. Watu wengi wa mkoa ule wa Sharqiya hawakuwahi kuiona sura yake, lakini sauti yake waliijua: sauti iliyonyooka, isiyo na haraka, iliyokwambia kwamba mgonjwa wako yu hai, au ikakwambia subiri kidogo, na wewe ukajua. Nambari hakuziandika popote. Zote zilikuwa kichwani mwake.

Mumewe, Himid, alifariki mwaka wa tatu wa ndoa yao na hawakujaaliwa mtoto. Mkewe Soud naye alipokufa, Soud akabaki na mtoto wa kiume, Laith, na wa kike, Alyaa, akampeleka huyu wa kike kwa dada yake. Alyaa alikuwa na miaka saba. Kwa shangazi yake alijifunza kuandika, kusali, kukuna nazi, na kunyamaza mkubwa anaposema. Hilo la mwisho alilijifunza kuliko yote.

Jioni Bi Kaltham alishona kofia za viua. Kofia moja ilimchukua mwezi, kwa vile vitundu vidogo vidogo vinavyotobolewa kwa sindano na kuzungushwa uzi mpaka vikae kama macho. Jumatano alizipeleka kwenye lile soko la Ibra la wanawake peke yao, ambalo mwanamme haingii, akakaa na Mabedui na wauza manukato, nao walimwita Mswahili, na akawajibu, "Mswahili wenu huyo huyo anayewavika waume zenu." Kwa mshahara na kofia akajenga nyumba.

Kiwanja kilitoka mwaka 1988, na karatasi za uraia za Bi Kaltham zilikuwa bado. Kwa hiyo kiwanja kiliandikwa kwa jina la Soud. Halikuwa jambo la ajabu. Waliokuja kutoka Unguja na Pemba miaka ile walifanya hivyo wengi: mwenye karatasi alimwandikia asiye nazo, na neno likatosha. "Andika jina lako," Bi Kaltham alimwambia ndugu yake kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi, mbele ya watu. "Mimi na wewe si tumbo moja?" Soud alilia siku ile. Alyaa, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliyaona machozi ya baba yake, na aliyakumbuka baadaye kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Nyumba ilikwisha mwaka 1991, karatasi za Bi Kaltham zikatoka mwaka uliofuata. Hapo ndipo pa kwenda kuibadilisha mulkiya, hati ya nyumba, ikae kwa jina lake. Hakwenda. Hakusahau, alikuwa akiona haya. Kumwambia ndugu yako "niandikie changu" ni kumwambia "nakuogopa," na yeye alikuwa mkubwa wa Soud, amembeba mgongoni. Akangoja Soud aseme mwenyewe. Soud hakusema. Mulkiya ikakaa katika sanduku la Soud, na nyumba ikakaa na Bi Kaltham, na kila mmoja akaona kwamba mambo yako sawa.

Mwaka 2004 Laith akaposa. Wazee wa msichana walikuwa watu wa Nizwa, watu taratibu, wakauliza taratibu kama kijana ana nyumba. Asubuhi moja Soud akamwomba Alyaa ampeleke ofisi ya ardhi, maana macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho na hawezi kuendesha. Alyaa wakati huo alikuwa mwalimu wa chuo huko Nizwa, mwanamke wa miaka thelathini, mwenye gari yake na akili zake. Alimpeleka. Alimshika mkono kwenye ngazi, akambebea faili, na alipoletewa karatasi mpya aipokee kwa niaba ya mzee asiyeona vizuri, akaisoma kabla ya kutia sahihi. Ilikuwa nyumba ya shangazi yake. Mwenyewe: Laith bin Soud.

Alitia sahihi. Garini ndipo alipofungua mdomo.

"Baba, ile ni yake."

"Yake kwa maneno," alisema Soud. "Na nani kasema atatoka? Atakaa humo mpaka Mungu amchukue. Hana mtoto. Akifa itarudi kwetu vile vile. Tumeitanguliza siku tu."

"Basi mwambie."

"Umvunje moyo mzee kwa ajili ya karatasi? Hili lisishuke garini, Alyaa."

Halikushuka. Alyaa alilipeleka Nizwa, akalirudisha Ibra kila mwisho wa wiki, akala nalo chakula cha shangazi yake kwa miaka miwili. Mwanzo lilimchoma. Baadaye alilizoea, kama mtu anavyozoea kijiwe kwenye kiatu kwa sababu anaona haya kuvua kiatu mbele za watu.

Sasa, miaka ile ya dishi kulikuwa na programu moja kutoka Dubai iliyoitwa "Ufunguo". Kila wiki walimchukua mtu anayetaka kuuza nyumba yake, wakaipaka rangi, wakabadilisha mapazia, kisha wakaleta wanunuzi watatu, mmoja mmoja, wakipita vyumbani na kamera nyuma yao. Mwisho mwenye nyumba alimkabidhi mshindi ufunguo mkononi, na watu wakalia. Ilirudiwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Bi Kaltham aliitazama akiwa na simu sikioni, kwa sababu upande wa pili, huko Sur, shoga yake Bi Shukriya alikuwa akiitazama vile vile. Walisoma pamoja Unguja. Wote wawili wajane.

"Umeliona pazia lile, Shukriya?"

"N'meliona. Kama sanda."

"Na yule mwanamme anayegonga ukuta?"

"Anatafuta nini, tikiti? Mwambie lishaiva, alipasue!"

Wakacheka mpaka matangazo. Halafu wakanyamaza, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, kwa sababu walikuwa wamekwisha sema yote na hakuna aliyetaka kukata.

Pale pale Sur, ukuta kwa ukuta na Bi Shukriya, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa ikiuzwa. Bi Kaltham aliifikiria mwaka mzima bila ya kumwambia mtu. Mwaka 2006 mtangazaji akasema kwamba msimu ujao watakwenda Oman, na wenye nyumba waanze kuomba. Ijumaa ile, Alyaa alipokuja, alimkuta shangazi yake amevaa miwani na karatasi mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. N'nataka kuiuza nyumba."

Alyaa alikaa. Bi Kaltham akaeleza: nyumba imekuwa kubwa, watu aliosoma nao wamebaki wawili, yeye na Shukriya. "Miaka ishirini na mbili n'mezungumza na simu, na mpaka leo n'nazungumza na simu. N'nataka kuzungumza na mtu. Akicheka nimwone meno, hata kama ni ya kubandika."

"Lakini kwa nini televisheni, shangazi? Si kuna madalali?"

"Dalali ataingia na viatu. Hawa angalau wanaomba ruhusa." Akamsogezea karatasi aliyoandika anwani ya mtandao. "Mie Kiingereza cha kompyuta sikijui. Nijazie wewe."

Hapo ndipo pa kusema. Alyaa alipajua palipo, kama mtu anavyokijua kizingiti gizani. Badala yake akajipigia hesabu ya uwongo: watakaoomba ni maelfu, kutoka Ghuba nzima, bibi kizee wa Ibra hawatomchukua, barua ya kukataliwa itakuja, hamu itakwisha, na hakuna atakayeumia. Alirudi Nizwa, akaijaza fomu kwenye kompyuta ya chuo. Pale palipoandikwa "mwenye nyumba" aliandika Kaltham binti Azzan. Palipotakiwa nakala ya mulkiya aliandika "itafuata".

Ilitakiwa pia filamu ya dakika tano. Alyaa alikuja na kamera ndogo ya chuo, akamwambia shangazi yake aanzie sebuleni.

"Sebuleni kunaanziwaje? Mtu haanguki kutoka dari. Twende nje."

Wakatoka nje. Bi Kaltham akafunga mlango, akaufungua tena, akasimama. "Hodi!" Akangoja, kamera ikizunguka. "Karibu, pita." Kisha akaitembeza nyumba kama anavyotembezwa bibi harusi. Hili dirisha, alisema, fundi alibishana nami. Alitaka kuliweka juu kama madirisha yote, nami nikamwambia literemshe, mimi hukaa chini kwenye mkeka nikishona, na n'nataka kumwona anayepita. Chumba hiki nilikijenga mwaka mzima, maana mshahara ulikuwa ukitosha kwa mistari mitatu ya matofali. Hii mbuzi ya kukunia nazi ilitoka Unguja ndani ya sanduku la bati. Na hapa, alisema akiweka kiganja ukutani, mtoto huyu anayepiga picha alijipima urefu akiwa na miaka kumi na saba, na hajaongezeka hata kidogo tangu siku ile.

Alyaa alicheka nyuma ya kamera, na kicheko chake kikabaki kwenye filamu.

Hawakukataliwa. Wiki sita baadaye alipiga simu msichana mmoja anayeitwa Abeer, kutoka Dubai, akasema ofisi nzima imeitazama filamu, na kwamba hawajui maana ya lile neno la mlangoni lakini watu wawili walitoa machozi. Watakuja baada ya mwezi. Kilichobaki ni nakala ya mulkiya tu.

Bi Kaltham alimpigia Shukriya kabla ya kumpigia mtu mwingine. Alhamisi Alyaa alipofika Ibra na nia ya kusema, kweli mara hii na nia ya kusema, alimkuta jirani anabeba kitanda cha wageni.

"Nimempa," alisema Bi Kaltham. "Sur ntakwenda na godoro tu. Shukriya keshazungumza na mwenye ile nyumba, ametushikia. Ah, na ntamwomba Soud ile mulkiya. Miaka kumi na nane sijamwomba. Leo n'na sababu, haya yamekwisha."

Alikuwa akitabasamu. Alyaa alisema amesahau kitu garini, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Mwambie imepotea," alisema Soud, bila ya kusimama kwenye kiti. "Itatafutwa. Mpaka itafutwe, Dubai watakuwa wamechoka."

"Baba, mwambie kweli. Yeye ni dada yako."

"Na wewe? Sahihi ya nani ile?"

Laith alikuwepo, na kikombe cha kahawa mkononi. "Ufunguo yenyewe?" aliuliza. "Ile ya Dubai? Imechagua nyumba ile?" Kisha akasema kwa upole, "Nipe nambari ya huyo Abeer. Mimi ndiye niliyeandikwa. Ntamwambia nyumba haiuzwi, yaishe bila ya kelele. Na shangazi atabaki kwake."

Alyaa alimpa nambari. Alijiambia kwamba amemlinda shangazi yake.

Walisahau wote watatu kwamba Bi Kaltham alikuwa mtu wa simu. Soud alipomwambia mulkiya imepotea, hakubisha. Jumamosi asubuhi alikaa chini kwenye mkeka, akapiga nambari moja kutoka kichwani. Kwenye ofisi ya ardhi alikuwepo Fawziya, karani, ambaye zamani mama yake alilazwa miezi mitatu na kila jioni Bi Kaltham alimwunganishia simu ya wodini. "Mulkiya ya ndugu yangu imepotea," alimwambia. "Niangalizie, mama, tupate nyingine." Fawziya alifungua daftari akamsomea yote aliyoyaona, kwa furaha ya mtu anayelipa wema.

Simu ya chuo Nizwa ililia saa nne. Alyaa akaitwa kutoka darasani.

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba haikuja. Ilikuja ile sauti ya mtambo, iliyonyooka, isiyo na haraka.

"Nyumba ni ya Laith tangu mwezi wa pili, 2004. Unajua?"

"Shangazi—"

"N'nauliza tu. Aliyepokea karatasi katia sahihi. Fawziya kaniambia ilivyoandikwa, ile herufi ya ain mwanzo wa jina ina mdomo mpana. Ain ile n'lifundisha mie."

"Nilitaka kukwambia. Kila wiki nilitaka."

"Ulinijazia fomu, Alyaa. Ukanishikia kamera. Ukanitembeza nyumba nzima. Umenicheka vizuri."

"Sikukucheka, wallahi!"

"Kwenye filamu unacheka," alisema Bi Kaltham. Kisha akakata, taratibu, kama alivyokuwa akikata simu za wageni.

Ijumaa alikwenda kula kwa Soud, Alyaa na Laith wakiwepo, akala kama kawaida. Mikono ilipooshwa akasema, "Soud, sikuja kudai. N'nataka unambie kwa mdomo wako ulilolifanya; sisi tumbo moja."

Soud alilia. Mara hii pia machozi yalikuwa ya kweli, na hayakubadilisha kitu. Laith ndiye aliyesema. "Shangazi, hakuna anayekutoa. Ile nyumba yako mpaka ufe."

"Mpaka nife," alisema Bi Kaltham. "Ndiyo maana kila mkinisalimia mnaniuliza hali." Akasimama, akatafuta buibui lake. Alyaa alinyanyuka amsaidie, na Bi Kaltham akalivaa mwenyewe.

Wiki mbili baadaye alihamia Sur, katika chumba cha nyuma cha Bi Shukriya. Ile nyumba ya vyumba viwili ilichukuliwa na mtu mwingine. Kwenye mlango wa Ibra aliacha ufunguo umening'inia kwenye tundu lake, kwa nje, na jirani aliyemwona anasema hakugeuka nyuma.

Na Laith hakumwambia Abeer kwamba nyumba haiuzwi. Au alimwambia, na Abeer akamwuliza kwa upole kama mwenyewe angependa kuiuza; hayo Alyaa hakuyajua kamwe. Kwamba nyumba inauzwa alijua siku ile ile waliyojua watu wote, Ijumaa moja ya mwaka uliofuata, baada ya chakula cha mchana, sebuleni kwa baba yake. Mlango ulioonekana kwenye televisheni aliutambua kabla ya kuelewa. Ikasikika sauti: "Hodi!" Mkono wa bibi kizee ukausukuma mlango. Hapo wakaikata filamu, kabla ya jibu. Akatokea Laith, kanzu nyeupe, na kichwani kofia ya viua aliyoshonewa na shangazi yake kwa ajili ya harusi.

"Nyumba hii ina kumbukumbu nyingi za familia," alisema Laith.

Wakaingia wanunuzi watatu, mmoja mmoja. Wa pili alilisimamia lile dirisha la chini, akasema mjenzi alikosea vipimo, lakini linaweza kuzibwa. Wa tatu akashinda. Laith akamkabidhi ufunguo mkononi, na sebuleni kwa Soud mtoto mmoja akapiga makofi.

Alyaa alikwenda chooni akafunga mlango. Aliwaza simu mbili, moja Sur na nyingine haipo tena, na wajane wawili ambao sasa wanakaa mkeka mmoja mbele ya televisheni moja, na hawana haja ya kushika simu ili waone pamoja.

Asubuhi ya pili alichukua njia ya Sur. Nyuma ya gari aliweka mkebe wa nyuzi na sindano, ambao Bi Kaltham aliusahau dirishani na Alyaa aliuchukua wiki ile ile ya kuhama. Alipofika mji wa Al Kamil alisimama dukani kando ya barabara akanunua halwa, akaitazama, akaona aibu ya kwenda na halwa kama mtu anayekwenda kuposa, akaiacha kwenye kiti. Njiani alijifunza maneno. Alikuwa na mengi, na mazuri, maana alikuwa mwalimu.

Bi Kaltham aliishi miaka miwili tu baada ya siku ile. Alizikwa Sur, na Alyaa aliarifiwa kwa simu na Bi Shukriya, ambaye alisema maneno manne akakata. Kati ya siku ile na msiba hawakusemezana tena. Kofia aliyokuwa akiishona haikumalizika. Ina viua upande mmoja, na upande wa pili kitambaa kitupu.

Siku ile ya safari mlango wa Bi Shukriya ulikuwa wazi, kama milango ya Sur inavyokaa mchana, na pazia likipuliziwa ndani na nje. Chini ya pazia Alyaa aliiona miguu ya shangazi yake, imenyooshwa kwenye mkeka, na kipande cha kitambaa cheupe pembeni. Hatua moja ingetosha. Aliukumbatia mkebe wa nyuzi akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Miguu haikujikunja.

"Hodi, shangazi. Mie Alyaa."

Alisikia sindano ikichomekwa kwenye kitambaa na kuachwa. Maisha yake yote, mlangoni kwa mwanamke huyu, jibu lilikuwa moja, hata nyumba ilipokuwa haina mtu. Alilingoja. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, iliyonyooka, isiyo na haraka, ile ya kwenye mtambo.

"Shukriya katoka, kenda kwa jirani. Mie hapa mgeni, mwanangu, sina nyumba ya kumkaribishia mtu. Mngoje mwenyewe arudi, umpigie yeye hodi."